Nyuma ya Fundi

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Ukijaribu peke yako litaburutika sakafuni, litachafuka, na Msimamizi atalirudisha kwenye mashine huku akikutazama kana kwamba wewe ndiye uliyelilalia ukiwa mgonjwa. Ni lazima muwe wawili. Mmoja anashika ncha za huku, mwenzake za kule, mnalivuta mpaka likakamae, mnalikung'uta mara moja, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena, na limekwisha.

Mama Pacha na Shangazi walikuwa wamekunja pamoja kwa miaka mingi, hata hawakusemeshana tena wakiwa kazini. Hawakuwa na haja. Shangazi akishusha kiwiko, Mama Pacha anajua ni pindo la kushoto. Akirudi hatua moja nyuma, Mama Pacha naye anarudi. Mmoja aliongoza na mwingine alifuata, lakini ungewauliza nani ni nani wangekucheka.

Asubuhi hiyo walikunja mbiombio. Ilikuwa siku ya uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa, na Msimamizi alikuwa ametoa ruhusa kwa shingo upande: waende mzigo wa kwanza ukishatoka kwenye mashine, na wawe wamerudi kabla wa pili haujakauka. Karibu wanawake wote wa chumba cha kufulia waliishi mtaa mmoja, ule uliojibana nyuma ya ukuta wa hospitali, kwa hiyo ama angewaruhusu wote au angewanunia wote.

"Leo ndiyo leo," alisema Fundi kutoka kwenye kona yake.

Fundi ndiye aliyeshona viraka. Mashuka yaliyochanika, magauni ya wagonjwa yaliyokatika kamba, mapazia ya wodini, vyote vilipita kwenye cherehani yake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, maana aliyekaa miaka yote hiyo karibu na mashine za kufulia huwa hajui tena kunong'ona. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni lake zuri, lile la kahawia lenye vifungo mpaka shingoni, na juu yake akafunga aproni ya kazi ili lisishike nyuzi. Huyo Fundi ndiye aliyekuwa akigombea.

Na hakujituma mwenyewe. Walimtuma wao.

Mambo yalianzia bombani. Mtaa mzima ulikuwa na bomba moja la maji, na mwaka uliopita Mwenyekiti alilifunga mnyororo na kufuli, akasema ni kwa ajili ya kuzuia uharibifu. Uharibifu gani, hakuna aliyeambiwa. Ufunguo akaupa mkewe, naye akautundika shingoni kwa uzi mwekundu. Tangu siku hiyo maji yalitoka pale mke wa Mwenyekiti alipomaliza chai yake, na yalikatika pale alipochoka kukaa. Watu wakampa jina la Mama Ufunguo. Walimwita hivyo akiwa hayupo, bila shaka. Akiwepo alikuwa "dada yetu".

Ndani ya chumba cha kufulia, mambo yote haya yalisemwa waziwazi. Mashine zile zina kelele yenye faida. Mtu anaweza kuitukana serikali kuanzia juu mpaka chini na asisikike nje ya mlango. Walisema juu ya bei ya unga, juu ya sabuni, juu ya mkate uliokonda huku bei yake ikinenepa, na mwisho wa yote walirudi kwenye kufuli. Na siku moja, katikati ya kelele hiyo, Mama Pacha ndiye aliyepaza sauti akasema, "Gombea wewe, Fundi! Sisi tuko nyuma yako."

Fundi aliinua mguu kutoka kwenye cherehani. "Nyuma yangu mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho!" walijibu wote, wakacheka na kupiga makofi ya mikono yenye povu. Shangazi, ambaye si mtu wa makelele, alikung'uta shuka likalia paa, kama kugonga muhuri.

Fundi akajiandikisha kesho yake.

Baada ya hapo hakuna aliyetishwa. Hilo ndilo Mama Pacha alilojaribu kujieleza baadaye na akashindwa. Laiti mtu angekuja mlangoni na rungu, wangejua la kufanya. Mama Ufunguo hakuja na rungu, alikuja na tabasamu. Akakaa kwenye kigoda chake pale bombani, akamwita kila mtu kwa jina la mtoto wake, akauliza hali za wagonjwa, kisha, mbele ya foleni nzima, akasema, "Siku hiyo tuko pamoja, eti?"

Sasa unamjibu nini mtu anayekuuliza hivyo, ndoo yako ikiwa chini ya bomba na watu wote wakisikiliza?

"Tuko pamoja, dada yetu," Mama Pacha alijibu mara ya kwanza, na moyoni akacheka. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu maneno yalitoka yenyewe, kama salamu. Naye Fundi akija na ndoo zake, foleni iliacha nafasi mbele yake na nafasi nyuma yake. Hakuna aliyeagiza nafasi hiyo. Kila mtu alisogea kidogo tu, kwa sababu mwenzake amesogea kidogo tu. Wiki ya mwisho Mama Pacha alianza kuchelewa kutoka kazini, akijifanya anatafuta kiatu chini ya meza, ili Fundi atangulie na wasionekane wakitembea pamoja. Kiatu kilikuwa mguuni. Aliona haya, lakini haya haikumzuia kuinama tena kesho yake.

"Haya, tunatoka pamoja?" Fundi aliuliza sasa, akivua aproni.

"Tangulia tu, tunakuja," alisema mwanamke wa pasi. "Namalizia hizi."

"Tangulia, Fundi," alisema mwingine. "Tuko nyuma."

Fundi aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akajipangusa nyuzi magotini, akatoka peke yake.

Uchaguzi ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Ofisa wa manispaa alikuja na kipaza sauti kilichokuwa kikikata roho, akaeleza kwa vipande kwamba bajeti ya mwaka huu haikuruhusu karatasi wala masanduku. Wagombea watasimama mbele, na kila mwananchi atapanga foleni nyuma ya mtu wake.

"Uchaguzi wa wazi!" alisema. "Hauna siri, kwa hiyo hauna wizi!"

Watu wakapiga makofi, kwa sababu waliokuwa mbele walipiga. Ofisa akamwonyesha Mwenyekiti mahali pa kusimama, barazani, kwenye kivuli cha bati. Fundi naye akaonyeshwa upande wa pili, katikati ya jua, karibu na goli lisilo na nyavu.

Walioanza kwenda kwa Mwenyekiti ni ndugu zake, kisha wapangaji wake, kisha mwenye duka ambaye leseni yake ilipita mkononi mwa Mwenyekiti. Hao walijulikana, hakuna aliyewashangaa. Nyuma ya Fundi akaenda mshona viatu wa kona, mzee mwenye gongo, pamoja na mkewe. Wakasimama wawili hao, mke akimkinga mumewe jua kwa mfuko wa plastiki.

Waliobaki ndio walikuwa wengi. Walisongamana katikati ya uwanja, hawaendi huku wala kule, kila mmoja akimtazama mwenzake. Wanawake wa chumba cha kufulia walikuwa humo. Miguu ya Mama Pacha ilitaka kwenda kwenye goli. Alijua hivyo bila wasiwasi, kama mtu anavyojua ana njaa. Alimwona Fundi amesimama wima na vifungo vyake vyote, mikono nyuma, akitazama mbele kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa jina. Hatua ishirini, labda na zaidi kidogo. Lakini barazani, kando ya mumewe, Mama Ufunguo alikuwa amesimama akichezea uzi wake mwekundu, na macho yake yalikuwa yakipita juu ya vichwa vya watu polepole, bila haraka yoyote, kama anayehesabu kuku wake jioni.

Tumsubiri Shangazi, Mama Pacha aliwaza. Shangazi ni mkubwa. Ana mvi, ana heshima, hana mtoto mdogo wa kupelekewa maji. Shangazi akienda kwa Fundi, mimi nakwenda, na hawa wote watatufuata. Akasimama karibu naye, bega kwa bega, akitazama mikono yake kwa pembe ya jicho.

Shangazi akasogea hatua moja. Upande wa barazani.

Mama Pacha hakufikiri. Angekuwa amefikiri, pengine pangekuwa na la kumlaumu. Mwili wake ulifanya kile ulichofanya kila siku kuanzia asubuhi mpaka jioni: mwenzake aliposogea, naye akasogea. Hatua moja, ya pili, na ya tatu ikawa safari. Alisikia viatu nyuma yake, vingi, vikiburuza vumbi. Hakugeuka. Alipoinua uso alikuwa kivulini, nyuma ya mgongo mpana wa mwenye duka, na Shangazi alikuwa nyuma yake, na nyuma ya Shangazi walikuwa wamejipanga wote, wa pasi, wa mashine, wa kuanika, mpaka yule binti mpya aliyeajiriwa juzi.

Katikati ya uwanja hapakubaki mtu.

Fundi hakumtazama yeye. Hiyo ingekuwa afadhali. Aliitazama foleni nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho, jinsi anavyotazama shuka lililochanika sana kabla hajaamua pa kuanzia sindano. Kisha akageuka, akampa mkono mshona viatu, akampa mkono mkewe, akawaambia kitu ambacho hakikusikika.

"Wengi wape!" alitangaza ofisa, na kipaza sauti kikazimika kabisa.

Walirudi kazini wakitembea kwa makundi. Mzigo wa pili ulikuwa umekauka kupita kiasi na Msimamizi alikuwa amevimba mlangoni. Walipoanza kukunja, mwanamke wa pasi ndiye aliyefungua mdomo.

"Ila na Fundi naye, jamani, ni mkali sana."

"Mkali mno," alisema mwingine, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. "Uongozi unataka ulimi laini."

"Angetugombanisha na kila ofisi. Mwenyekiti angalau tumemzoea."

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Na lile kufuli, tuseme ukweli, kabla yake watoto walikuwa wanachezea maji kweli."

Mama Pacha alisikia sauti yake mwenyewe ikiingia. "Halafu hakupita nyumbani kwa mtu hata mmoja kuomba kura. Hata kwangu hakuja. Kiburi hicho."

Wenzake wakaitikia kwa kichwa. Naye, kwa muda wa kukunja shuka moja, aliamini. Aliona kweli Fundi alikuwa na kiburi, tena cha siku nyingi, na akashangaa kwamba hakuwahi kukigundua. Walipokutana katikati na Shangazi akapokea ncha, ndipo alipokumbuka kwamba yeye ndiye aliyemwambia Fundi gombea, na kwamba mtu haendi mlango kwa mlango kuwaomba watu walioapa mbele yake. Lakini sentensi ilikwisha kutoka, na ilikuwa imependeza.

Mlango ukafunguka. Fundi aliingia, akavaa aproni, akaketi kwenye cherehani. Hakununa. Aliuliza kama kuna pazia la wodi ya watoto lililobaki tangu jana, akaonyeshwa, akaanza kushona. Kelele za mashine zilikuwa zilezile, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyezitumia kusema lolote.

Alipomaliza shuka kubwa la chumba cha upasuaji alisimama nalo. "Nani anishikie hili?"

Siku nyingine wangeruka watatu. Sasa kila mmoja alikuwa na ncha mkononi, au pasi, au alikuwa akikagua povu ambalo halikuhitaji kukaguliwa. Mama Pacha alimwangalia Shangazi. Shangazi aliangalia shuka lao. Fundi akasubiri kidogo, kisha akalitandaza lile shuka mezani, akalikunja peke yake kwa vipande, akizunguka meza kila mara kufuata ncha. Lilitoka limepinda. Akaliweka kwenye kapu hivyohivyo.

"Mbona ulikwenda kule?" Shangazi aliuliza ghafla, kwa sauti ya chini, huku wakivuta.

Mama Pacha alidhani hakusikia vizuri. "Kule wapi?"

"Barazani. Mimi nilijua wewe utakwenda kwa Fundi. Nilikuwa nakusubiri wewe. Wewe ndiye uliyemwambia agombee."

"Shangazi, si wewe uliyeanza? Nilikuona umesogea."

"Nilisogea?"

"Hatua moja. Upande wa barazani. Ndiyo nikajua umeamua."

Shangazi aliacha kuvuta. Shuka likalegea katikati yao, likagusa sakafu.

"Kulikuwa na mtu na baiskeli nyuma yetu," alisema. "Alikuwa anataka kupita. Nilikuwa nampisha."

Wakatazamana. Msimamizi alipiga kelele kutoka mlangoni kwamba shuka liko chini, wana macho au hawana, na wakaliinua upesi. Mama Pacha alitaka kucheka na alitaka kulia. Mtaa mzima ulikuwa umempa Mwenyekiti miaka mingine ya kufuli kwa sababu mwanamke mmoja alimpisha mtu wa baiskeli, na mwingine alikuwa amezoea kukunja mashuka.

"Tumwambie?" Mama Pacha aliuliza.

"Tumwambie nini? Kwamba tulikosea hatua?" Shangazi alilikung'uta shuka. Halikulia. "Na wale wengine waliokuwa nyuma yetu, nao walimpisha nani?"

Wakaendelea na kazi.

Jioni bombani Mama Ufunguo alikuwa na furaha. Alichelewa kuja, ndiyo, lakini alikuja akitabasamu, akafungua kufuli kwa madaha, akaketi kwenye kigoda. Foleni ilikuwa ndefu. Mama Pacha alikuwa na ndoo zake mbili, ile ya kijani iliyopasuka ukingo, na ile ya bluu yenye mfuniko, ya maji ya kunywa, ambayo ndiyo pekee ya namna hiyo aliyokuwa nayo.

Fundi akaja na ndoo zake. Nafasi ikafunguka mbele yake na nyuma yake, kama kawaida. Zamu yake ilipofika aliinama kutega, na Mama Ufunguo akanyoosha mkono, akafunga koki.

"Wewe si ndiye uliyesema bomba halitakiwi kuwa na kufuli?" aliuliza kwa upole. "Basi subiri siku litakapojifungua lenyewe, utateka."

Mtu mmoja akacheka. Kisha wawili. Kisha kicheko kikapita kwenye foleni yote kama ndoo inayopokezanwa, na kilipomfikia Mama Pacha, akakipokea. Alicheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini kilisikika, na kilikuwa chake. Alitamani mara moja kukirudisha, na kicheko hakirudishwi.

Fundi alinyoosha mgongo. Aliokota ndoo zake tupu, akaondoka nazo. Vishikio vya chuma vililia njia nzima, ngi, ngi, mpaka alipokata kona.

Nyumbani pacha wake walikuwa wamekwisha kusikia. Mtaa ule habari hufika kabla ya mwenyewe.

"Mama," aliuliza pacha mkubwa, akimsaidia kutua ndoo, "Fundi alikosa nini?"

"Hakukosa kitu. Hakushinda tu."

"Si ulisema yeye ndiye mzuri? Ulisema angeondoa kufuli."

"Uongozi si mchezo, mwanangu. Unataka ulimi laini. Fundi ni mkali, na kufuli nalo lina sababu zake. Watoto mlikuwa mnachezea..."

Sababu zilikuwa zimejipanga mdomoni, moja nyuma ya nyingine, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Asubuhi hakuwa nazo. Binti yake alikuwa akimtazama kwa makini, akizipokea zote, kama alivyopokea kutoka kwa mama yake namna ya kuosha vyombo na namna ya kuwasalimia wakubwa.

"Mimi sijawahi kuchezea maji," alisema pacha mkubwa.

"Najua," alisema Mama Pacha. "Najua, mwanangu."

Majuto yakamjia yote kwa pamoja, na yalikuwa mazito kuliko alivyofikiri mtu anaweza kubeba akiwa amesimama jikoni. Hakuwa amemchukia Fundi hata siku moja. Angependa mtaa mzima ujue hivyo, ila asiwe yeye wa kuuambia.

Giza ndiyo kwanza lilikuwa likiingia. Aliwaambia watoto wafunge mlango, akaiinua ile ndoo ya bluu iliyojaa, akaishika kwa mikono miwili ili kishikio kisilie. Hakupita njia kubwa. Alipita nyuma ya vyoo, kando ya ukuta wa hospitali, akisimama kila aliposikia nyayo. Nyayo alizisikia mara mbili, na mara zote mbili aliyekuwa mbele yake gizani naye alisimama, kisha akageukia upande mwingine.

Alipofika mlangoni kwa Fundi karibu ajikwae.

Pale kwenye kizingiti palikuwa na ndoo. Ilikuwa imejaa mpaka juu. Pembeni yake palikuwa na nyingine, na nyingine, na galoni la njano la mwanamke wa pasi, alilolitambua kwa kizibo chake cha gunzi. Ya Shangazi ilikuwa ukutani kabisa, kishikio kikiwa kimezungushiwa utepe wa shuka kuukuu. Kulikuwa hata na ile sufuria kubwa ya mpangaji wa Mwenyekiti, yule aliyekwenda barazani mapema bila kutazama nyuma. Zote zilikuwa kimya, zimepangwa vizuri, na zilikuwa nyingi kuliko watu waliosimama nyuma ya Fundi asubuhi.

Mama Pacha akatua yake mwishoni mwa foleni. Kabla hajanyoosha mgongo, mlango ukafunguka.

"Ni wewe," alisema Fundi. Alikuwa bado na gauni lake la kahawia, lakini vifungo vya shingoni alikuwa amevifungua.

"Nimekuletea maji kidogo."

"Naona. Karibu ndani, basi."

Mama Pacha aligeuka akatazama njia. "Watoto wako peke yao."

"Sawa." Fundi aliegemea mlango. Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua, ama ni uchovu. "Maji yenu nitayatumia, sitakudanganya. Nina kiu tangu mchana. Ila ndoo zenu sikai nazo, wala sizirudishi milangoni kwenu kama mwizi. Kesho asubuhi nitazibeba mpaka bombani, nizipange pale, kila mtu aje achukue yake."

Mama Pacha aliiona asubuhi hiyo. Alimwona Mama Ufunguo kwenye kigoda chake, na foleni nzima, na ndoo ya bluu yenye mfuniko imewekwa mahali pa wazi ambapo kila mtu anaiona. Alijiona akitoka kwenye foleni, hatua chache tu, akiinama, akiishika. Alifikiri juu ya pacha na maji yao ya kunywa. Alifikiri kwa muda ambao mtu mwingine angeutumia kusema ndiyo.

"Usihangaike, Fundi," alisema. "Hiyo baki nayo tu."

Fundi akamtazama, kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya.

"Na Shangazi kasema hivyohivyo," alisema. "Wote mmesema hivyohivyo."

Akainama, akaanza kuziingiza ndani moja moja, peke yake.